Dawa ya Shemeji

Yokote, 28 Mei 2013

Dada Sumie,

Vipi masikio? Nimekupigia simu mara mbili juma hili. Ya kwanza umeniita jina la muuza mbolea, ya pili umenikatia. Nimeona niandike tu. Huku baridi ndiyo kwanza inatuaga, na milimani bado kuna theluji inayonitazama kila nikianika nguo. Mgongo wangu ni ule ule. Shugo ukimwona kwa nje ni mzima.

Sasa nisikilize, na usome mpaka mwisho kabla hujaanza kunijibu kichwani. Mwaka huu usilete plamu. Najua miti imezaa, wewe kila mwaka unasema imezaa. Usilete hata sanduku moja.

Mwezi wa nne tulikwenda kupimwa afya, ile ya wastaafu wa reli. Daktari akaniita na mimi ndani. Akasema ini la mume wangu limechoka, na asipoacha pombe kabisa, mwaka kesho wakati kama huu hajui atatuambia nini. Shugo aliogopa, Dada. Bia zilizokuwa kwenye friji akampelekea jirani siku hiyo hiyo. Chupa ya pombe ya mchele, ile sake aliyopewa siku anastaafu, akaniambia nipikie samaki. Nikajisemea moyoni, haya, mwanamume ameelewa.

Jioni nikamkuta chini ya ngazi anafungua mtungi wa umeshu, plamu zinaelea kwenye kinywaji. Ule wako.

Nikamwuliza, "Unafanya nini?"

"Nakunywa dawa."

"Si daktari kasema usinywe?"

"Kasema pombe. Umeshu ni pombe tangu lini? Muulize dada yako."

Ndiyo nakuuliza. Mwandikie neno moja tu, yeye wewe anakusikia. Na plamu usilete.

Mdogo wako,
Wakako


Minabe, 4 Juni 2013

Mdogo wangu Wakako,

Salamu zako nimezipata, na za mgongo wako pia. Pole. Ulipokuwa mdogo nilikwambia usibebe ndoo mbili kwa mkono mmoja, hukusikia. Mimi sijambo. Mvua imeanza mapema, wavunaji wanalalamika, mimi nalalamika zaidi yao. Masikio yangu yapo, watu ndio siku hizi hawafungui midomo wakisema.

Barua yako imefika leo asubuhi. Plamu zimeondoka jana na gari la vifurushi. Kilo kumi, za kijani kibichi, nimechagua mwenyewe moja moja. Sasa unataka nikimbize gari? Plamu haingoji mtu, na hilo unalijua wewe kama ninavyolijua mimi. Zikifika zisilale siku ya pili.

Na hii habari ya pombe, hebu niache nicheke kwanza. Mama alikuwa akitupa umeshu tukiumwa tumbo, wewe una miaka sita, mimi nina kumi. Mama alikuwa akinywesha watoto pombe? Umesahau ule mwaka ulioanguka mtoni, ni nini kilichokutia joto? Daktari wako huyo ana miaka mingapi? Ana mama?

Pombe ni ile mtu anakunywa akaimba. Umuulize Shugo kama amewahi kuimba.

Marehemu mume wangu Toyoharu alikunywa kila jioni, hakukosa, na kilichomwondoa ni tumbo. Kila mtu anajua ni tumbo.

Kama kweli unamwonea huruma shemeji yangu, mwambie aitengeneze vizuri, asiimimine tu kama mtu anayetia mafuta kwenye taa. Achukue glasi ndefu, barafu, umeshu kiasi. Akwangue tangawizi mbichi, aikamue kwa mkono, maji yake tu. Juu ajaze maji ya soda. Halafu jani la shiso, lile la kunukia, alipige kwanza katikati ya viganja, paa, ndipo litoe harufu, aliweke juu. Hiyo inashusha chakula, inatoa uchovu, inafungua kifua. Nimekuandikia wewe lakini msomee.

Dada yako,
Sumie


Yokote, 11 Julai 2013

Dada,

Hamjambo na joto? Hapa matango yametuzidi, nimetia chumvi mpaka ndoo zimekwisha. Mjukuu wa jirani amepata jino. Sina habari nyingine njema, kwa hiyo nakuja kwenye yako.

Sanduku lilifika mvua inanyesha. Nikazunguka nalo mtaani kama mchuuzi. Kila nyumba, "Ah, mama, tumeshatia zetu." Siku ya pili zikaanza kugeuka rangi, nyumba nzima inanukia plamu, hata mto wa kulalia unanukia plamu. Nikasema nitazitupa. Nilipotoka kununua mchele nikarudi nikamkuta Shugo amekaa chini sebuleni, ametandika magazeti, ameshika kijiti cha mianzi, anatoa vikonyo. Moja moja, Dada. Ameziosha, amezifuta kwa taulo langu jipya. Pembeni mitungi mitatu yenye vifuniko vyekundu, sukari ya mawe, na pombe nyeupe ya digrii thelathini na tano, amekwenda kununua mwenyewe kwa baiskeli. Na barua yako ameibandika ukutani.

Nikamwambia, "Hiyo unayomimina humo imeandikwa pombe kwenye chupa. Isome."

Akasema, "Kwenye chupa ni pombe. Ikishaingia plamu siyo."

Nimeolewa na mtu huyu miaka thelathini na tisa. Hajawahi kuchemsha yai. Sasa kila jioni namkuta jikoni kwangu anakwangua tangawizi, anapiga jani kwenye viganja, paa, paa, kama anaita miungu hekaluni. "Dada Sumie kasema lipigwe." Glasi mbili, siku nyingine tatu. Unasema umeshu kiasi. Kiasi gani? Umemwandikia mtu kama Shugo "kiasi"? Kiasi chake ni nusu glasi.

Usiniambie nimwage. Nilimwaga mtungi mmoja wa zamani nyuma ya nyumba. Hakunigombeza. Alivaa kofia, akaenda dukani akarudi na umeshu wa chupa, mtamu kama peremende, akanywa usiku huo huo wote kwa sababu anasema si dawa halisi, hautoshi. Kwa hiyo simwagi tena. Lazima aiache mwenyewe.

Jana nilimbana. Nikamwambia, "Haya, nani akikwambia utaamini? Daktari hutaki, mkeo hutaki." Akafikiri. Akasema, "Dada Sumie ndiye mwenye miti. Siku akisema yeye kwa mkono wake kwamba ile ni pombe, nitaacha siku hiyo hiyo. Mimi si mtoto."

Umesikia? Mstari mmoja. Huhitaji hata salamu.

Wakako


Minabe, 19 Agosti 2013

Mdogo wangu,

Sikukuu ya wafu imepita salama. Nimepanda makaburini peke yangu, jua linachoma, nimeng'oa magugu, nimeosha jiwe la Mama na Baba, nimeosha la Toyoharu. Nimewawekea matikiti. Kunguru wamekula kabla sijashuka ngazi. Goti la kulia linanisumbua. Binti yangu Mizuho alisema atakuja kutoka Osaka, akaja siku moja, akalala siku hiyo moja, akaondoka na plamu za chumvi debe zima.

Unaniomba niandike uongo. Nimelitafakari sana ombi lako, na nimeona ni uongo unaoniomba, tena kwa mkono wangu. Mimi nimetia umeshu tangu nilipoolewa. Kijiji kizima kinatia. Bibi wa hapo chini ana miaka tisini na sita, anakunywa kila siku, bado anapanda ngazi kuvuna. Yule naye mlevi?

Mwambie Shugo apunguze mkono. Kiasi ni kiasi, mtu mzima anakijua. Kwa kupima, vidole viwili. Si vya kwake, vya kwako.

Nimewatumia tambi nyembamba, mle na barafu, joto hili si la kupika.

Dada yako,
Sumie


Yokote, 10 Oktoba 2013

Dada Sumie,

Mchele mpya umetoka, nimekutumia kilo tano, kula ukingali mpya, usiufiche mpaka upate wadudu kama wa mwaka juzi. Mgongo umetulia kidogo. Majani ya milimani yamewaka. Sina raha ya kuyatazama.

Jumanne tulirudi kwa daktari. Alitazama karatasi ya vipimo, akamtazama Shugo, akarudi kwenye karatasi. Akauliza, "Mzee, bado unakunywa?"

Shugo akanyoosha mgongo. "Hata tone, daktari. Tangu mwezi wa nne."

Anasema kweli yake, Dada. Hapepesi jicho. Ungekuwa hakimu ungemwachia huru.

Daktari akanitoa nje kwenye ubaraza. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama mzee anaficha chupa. Chooni, kwenye buti, garini. Akasema wake wengi hawajui. Nikamjibu, "Hafichi. Anaiweka mezani, ina jani juu." Nikamweleza. Yule kijana alifunga macho. Akasema, "Mama, ile ina nguvu karibu sawa na sake." Nikamwambia ninajua, mimi ndiye ninayejua, mwambie mume wangu. Akarudi ndani akamwambia. Shugo akamsikiliza kwa heshima zote, akainama, akashukuru. Kwenye gari akaniambia, "Kijana mzuri, lakini hawa wa mjini hawajakulia na plamu."

Vipimo vimepanda. Miguu imeanza kuvimba jioni. Anavua soksi, alama inabaki.

Sasa nikwambie jambo, na ukasirike kama unataka. Kwa maandishi yetu neno lenyewe lina herufi mbili. Ya kwanza plamu, ya pili pombe. U-me-shu. Hata mtoto wa darasa la tatu anaisoma ile ya pili. Nimekwenda chini ya ngazi nikatazama mitungi yako yote uliyotuletea, ya miaka yote. Kwenye kila karatasi umeandika plamu, na mwaka, basi. Herufi ya pili hukuiandika hata kwenye mtungi mmoja. Nilikuwa nadhani ni uvivu.

Andika, Dada.

Wakako


Minabe, 24 Oktoba 2013

Wakako,

Mchele umefika, mzuri. Nimekutumia persimoni, kumi na mbili ni tamu, zile nane zenye alama ya wino ni kali, zimenye uzianike. Usichanganye.

Kwa hiyo leo unanifundisha kusoma. Niliyekufundisha kushika kalamu ni mimi.

Mwambie shemeji anyanyue miguu juu ya mto akilala. Baridi inakuja, mjifunike.

Sumie


Yokote, 21 Novemba 2013

Dada Sumie,

Theluji imeanguka leo. Persimoni nimezianika, zinaning'inia, hakuna wa kuzila.

Shugo amelazwa tangu Ijumaa. Tumbo limejaa maji. Wamemtoboa wakayatoa, ndoo ndogo nzima, nimeiona kwa macho yangu. Amelala pale mwembamba mikono na miguu, tumbo peke yake ndilo nene, na weupe wa macho yake si weupe tena. Daktari anasema akitoka hapa akaacha, ana miaka. Asipoacha, nisihesabu miaka. Nimemwuliza maswali yangu yote na hayo ndiyo majibu.

Na mgonjwa wetu anamwambia nesi kwamba anakosa dawa yake ya kutoka kwa shemeji, ndiyo maana tumbo limejaa.

Dada, nimechoka. Nimechoka kukubembeleza. Ni miezi sita naomba mstari mmoja, unanitumia tambi, unanitumia persimoni zenye wino. Nilidhani ni ubishi wako wa kuzaliwa nao. Lakini juzi nilipokaa kando ya kitanda chake nikamtazama, nikakumbuka mahali nilipoona mtu wa namna hiyo. Nilikuja Minabe kumwona Toyoharu wiki yake ya mwisho. Alikuwa wa njano kama plamu mbivu iliyoangukia kwenye wavu wa shambani, na tumbo lake lilikuwa hivi hivi. Mkatuambia sote ni tumbo. Tukasema ni tumbo. Nani angekubishia, umevaa nyeusi?

Najua kwa nini huandiki. Ukisema kwa Shugo ni pombe, basi na kwa Toyoharu ilikuwa pombe. Sikulaumu kwa ya Toyoharu. Hakuna aliyejua, hata mimi nilikuwa nakunywa naye. Lakini Toyoharu amekwisha kufa, na wangu bado anapumua, na mtu pekee anayemsikiliza ni wewe.

Hii ni barua ya mwisho ya kuomba. Sasa unajua ninachojua.

Wakako


Yokote, 8 Januari 2014

Dada,

Mwaka mpya huu, kheri tuseme. Sikupata kadi yako. Kwa miaka yote sijawahi kukosa kadi yako. Nilimpigia Mizuho, akasema mama mzima, anakula, anagombana na paka wa watu. Basi nikajua ni mimi.

Shugo ametoka hospitali tarehe ishirini na tisa. Kule hakuonja kitu, na uso umerudi kuwa uso. Jana, kabla hata hajazoea kukaa, ameniambia kesho kutwa ninunue tangawizi.

Nimemwambia duka limefungwa kwa theluji. Hilo litanifikisha Jumapili.

Wakako


Minabe, 13 Januari 2014

Shemeji Shugo,

Mimi ni Sumie. Barua hii ni yako, usimpe Wakako akusomee, vaa miwani. Habari za hospitali nimezipata zote. Pole kwa kutobolewa. Hapa miti ya chini ya kilima imeanza kutoa maua, mapema mwaka huu, na nyuki hawajaamka, kwa hiyo sijui itakuwaje. Goti langu linapanda ngazi likitaka. Paka wa jirani amezaa ndani ya ghala langu, wanne, sikumwalika.

Nimesikia ulikimbia na baiskeli kwenda kununua mitungi. Nimesikia unavyotoa vikonyo. Wakako ameniandikia kwa hasira, lakini mimi niliposoma nilifurahi, nilijisemea huyu ni mtu wa plamu, amezaliwa mahali pasipo pake. Ndugu zangu wenyewe hawakufuta plamu vizuri kama hivyo. Kwa hiyo usifikiri naandika haya kwa sababu nakudharau.

Wewe ni mzee mkaidi. Una mke, una daktari, una vipimo vya karatasi, ukaona vyote havitoshi, lazima usumbue mjane wa watu huku kusini asiyekukosea kitu. Kalamu hii nimeishika tangu mwezi wa kumi na moja. Nimechana karatasi, nimekwenda kupogoa miti nikarudi, nimechana tena. Kadi za mwaka mpya sikuandikia mtu hata mmoja kwa ajili yako. Mizuho anadhani nimeanza kusahau.

Haya.

Ile ni pombe. Ni pombe ikiwa na jani na ni pombe bila jani. Tangawizi haiibadilishi, soda haiibadilishi, na mimi kuitia kwa mkono wangu hakuibadilishi. Mama yetu alitupa kijiko kimoja. Kijiko si glasi.

Toyoharu hakufa kwa tumbo. Lilikuwa ini. Daktari aliniambia mimi peke yangu, kwenye ubaraza, na nikamwomba asiwaambie ndugu. Nilikuwa namtayarishia kila jioni akitoka shambani, hiyo hiyo niliyokufundisha wewe, na alipoanza kukataa chakula nilimwongezea, kwa sababu niliona ni dawa.

Nimeandika mara moja. Usiniombe tena, na usinipigie simu, sitakusikia.

Shemeji yako,
Kawabata Sumie


Yokote, 19 Januari 2014

Dada yangu Sumie,

Theluji imefika dirishani, tunawasha taa mchana. Mgongo, usiniulize, nimepakua theluji ya paa peke yangu kwa sababu mgonjwa haruhusiwi, na yeye anasimama mlangoni ananielekeza. Persimoni zako kali zimekauka vizuri, tumeanza kuzila.

Sikujua kama umemwandikia yeye. Niliona mwandiko wako kwenye bahasha, nikanyoosha mkono, akaivuta. Akavaa miwani. Alisoma amesimama, halafu akakaa, akasoma tena. Chakula kikapoa. Nilidhani umemtukana. Kisha akanipa nisome, nikasoma.

Ya Toyoharu siyasemi kwenye karatasi. Miti ikishika matunda nitakuja mwezi wa sita nivune na wewe, nilale kwako siku nyingi, siyo kama Mizuho. Tutakwenda kaburini pamoja, nitakushika mkono kwenye zile ngazi. Na uniandikie kabla ya hapo, hata kama ni kunigombeza. Usinikalie kimya tena, Dada, sikuweza.

Jana jioni saa ya dawa yake ilipofika Shugo akasimama, akaingia jikoni, nikasikia anafungua kabati, anafunga, anafungua lingine. Nikajiambia usiinuke, Wakako, kaa hapo hapo. Amehangaika huko mpaka nikaanza kuhofia vyombo vyangu. Mwishowe akatoa kichwa mlangoni akaniuliza chai inakaa wapi.

Miaka karibu arobaini katika jiko hili, Dada. Hajui chai inakaa wapi.

Mdogo wako,
Wakako